Sare tuliikataa: kitenge cha Kariakoo, fundi wa Tabata na kanga iliyotuumbua

Nianze na bei ya nguo zetu za picha ya uchumba, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Pisi moja ya kitenge, yadi sita, 48,000. Yadi tatu za kitambaa cha shati, 18,000. Mtandio 8,000. Ufundi wa gauni 45,000, wa shati 25,000. Kanga doti moja, 13,000. Jumla 157,000 kwa watu wawili, mpiga picha hayumo. Wala haimo 30,000 niliyoiacha Sinza, ambayo mpaka leo nikiikumbuka natafuna ulimi.

Posa yetu ilijibiwa mwezi wa Mei, na wiki hiyohiyo kamati ikataka picha ya kuweka kwenye kadi ya mchango. Siku hizi kadi bila picha ya wahusika watu wanaiangalia kama ujumbe wa tapeli. Mama akakubali kwa sharti moja: "Hamjaoana. Picha pigeni, ila asikushike." Sharti hilo liwekeni akilini, ndilo lililoingiza kanga kwenye habari hii.

Mwenzangu ana futi sita kasoro kidogo, maji ya kunde, anafanya kazi kwa wakala wa forodha bandarini. Mimi nina futi tano na inchi moja nikivaa viatu, mweusi, navaa mtandio siku zote, nafundisha darasa la tatu. Nayataja haya kwa sababu ushauri mwingi wa nguo za wachumba unatolewa kana kwamba watu wote wana urefu mmoja na rangi moja ya ngozi, na kana kwamba mwanamke anapendeza kwa nywele tu.

Tulianzia Sinza, kwenye duka la kukodisha. Jina nalihifadhi. Wana kitu wanakiita kifurushi cha wachumba: gauni na suti za kitambaa kimoja, mabadilisho mawili, viatu juu yako. Kwenye simu picha zao zinavutia. Pale dukani nikapewa gauni la satini ya damu ya mzee lenye harufu ya manukato ya mtu mwingine, na kwenye kola kuna alama ya poda ambayo dada wa duka aliifuta kwa kidole huku akiniambia, "Haionekani kwenye kamera, mpenzi." Mwenzangu akatoka chumba cha kujaribia na koti la satini ileile, tai ileile, kitambaa cha mfukoni kilekile. Tukasimama mbele ya kioo. Akaniangalia, akasema taratibu, "Nikuletee soda gani, mama?"

Kweli alifanana na mhudumu wa ukumbi. Mimi nilifanana na pazia la ukumbi huohuo. Tatizo lingine ni kwamba satini inang'aa. Mwanga wowote ukiipiga inatoa mabaka meupe kifuani na tumboni, na jasho la Dar likiingia kwapani linachora ramani. Tukakataa kistaarabu. Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba 30,000 ya kushikilia nafasi, niliyokwisha kuituma kwa simu siku mbili kabla, hairudishwi. Niliuliza iliandikwa wapi. Nikaonyeshwa karatasi ukutani, nyuma ya sanamu la kuonyeshea nguo. Nyota moja, kwa sababu feni yao ilikuwa inafanya kazi.

Kwenye daladala ya kurudi ndipo nilipojua ninachokataa. Sare mimi naiona siku tano kwa wiki, watoto sitini na kitu mbele yangu, na kazi ya sare ni kufanya usimtofautishe mtoto huyu na yule. Siku ya harusi sare ni ya kamati na ya mashangazi, ina raha yake pale. Picha ya wachumba inataka mtu akitazama aone watu wawili waliokubaliana, kila mmoja na sura yake. Nilichotaka ni rangi ya nguo yangu itokee mahali fulani kwake, na ya kwake itokee kwangu, basi.

Baba mkwe mtarajiwa, mstaafu wa reli, alikuwa na jawabu lake: Kaunda suti. Yeye huiita kwa jina la zamani, suti ya Chou En-lai, kwa yule waziri mkuu wa China aliyekuja nchini mwaka 1965. Ya kwake ipo kabatini, rangi ya ugoro, mikono mifupi, mifuko minne, pasi imenyooka kama jana. Mwenzangu akaijaribu kwa heshima. Mikono ilimbana na suruali ikaishia juu ya kifundo. Mzee akasema inaweza kushushwa pindo. Haikuwezekana. Ila nilipomwona kasimama dirishani na ile rangi ya ugoro, nikaona ngozi yake imepata uhai ambao satini iliunyonya. Kaunda ikarudi kabatini, rangi yake tukaondoka nayo, na suruali ya ugoro alikuwa nayo tayari, anavaa Ijumaa.

Kariakoo tulienda Jumamosi saa mbili asubuhi. Baada ya hapo Mtaa wa Kongo hautembei, unasukumwa. Duka nililonunua liko ghorofani kwenye uchochoro wa vitenge, na mama anayeuza nampa nyota tano, ingawa naye aliniomba nisimwandike. "Watakuja kuniuliza bei ya kwenye maandishi yako mpaka nife." Sawa, mama.

Alichofanya yule mama wauzaji wengi hawakifanyi. Nilikuwa nimeshika kitenge nilichodhani ni cheusi chenye maua. Akaninyang'anya, akatoka nacho mpaka kwenye ngazi ambako jua linaingia, akakikunjua. Kumbe ni nili iliyokolea, na yale maua niliyoyaona ya kahawia ni damu ya mzee, katikati yake vitone vya haradali. Taa nyeupe za dukani zilikuwa zimenidanganya rangi tatu kwa mpigo. Akaniambia niende hatua kumi, nipige picha kwa simu, nirudi niitazame ikiwa ndogo. Vitenge viwili vya kwanza nilivyovipenda mkononi, kwenye picha vilikuwa fujo tupu. Michoro midogo iliyobanana ikiwa mbali inageuka kuwa kelele, na michoro mikubwa ya duara kwa mtu wa kimo changu ni duara moja na nusu, halafu mtu kaisha. Hiki chenye maua ya ukubwa wa kiganja kilibaki kinasomeka.

Mwisho akachukua kitambaa cheupe, akakilowesha maji ya chupa, akasugua kona. Hakikuchuja. Mama yangu mimi kipimo chake cha kitambaa ni kimoja tu tangu nipate akili: Urafiki, kiwanda cha Ubungo kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina. Kitambaa kikichuja atasema, "Ya Urafiki isingefanya hivi." Nilipompelekea hiki alikilowesha ndoo nzima usiku kucha, asubuhi akakiona kipo vilevile, akakosa la kusema. Kukiloweka kulisaidia kwa jambo jingine pia: pamba husinyaa kwenye maji ya kwanza, bora isinyae ikiwa kitambaa kuliko ikiwa gauni.

Sasa fundi.

Kibanda chake kipo Tabata, cherehani mbili za miguu na ovaloki moja ya umeme, miwani imefungwa uzi mweusi upande wa kulia. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, anaongea kwa sauti ndogo huku pini zikiwa mdomoni, kwa hiyo nusu ya maneno yake unakisia. Nilimpelekea picha niliyoitoa mtandaoni: mwanamke kavaa gauni la kitenge mwili mzima, mwanamume kavaa shati la kitenge hichohicho. Akaitazama muda mrefu. Akatoa pini mdomoni, dalili kwamba neno linalokuja ni zito.

"Mwalimu, hapa shemeji anapotea. Wakisimama karibu, mkono wa nani huu?"

Ni kweli. Kwenye ile picha huwezi kujua bega la mwanamume linaishia wapi na la mwanamke linaanzia wapi. Maua yameungana, wamekuwa zulia lenye vichwa viwili. Akanichorea kwa chaki mezani. Gauni langu kitenge chote, refu, mikono mirefu, kiuno kimekaa juu kidogo ili miguu ionekane mirefu. Shati la mwenzangu nili tupu, halina ua hata moja, isipokuwa ndani ya kola na ndani ya mkunjo wa mkono. Akikunja mkono mara mbili, kitenge kinachungulia. Mtandio wangu haradali, ile ya vitone. Suruali ugoro. "Damu ya mzee muiache kwenye maua, inatosha. Kila rangi mkiipa nguo yake mtakuwa bendera."

Nilitaka shati lenyewe liwe jeupe. Alikataa, na baadaye mpiga picha naye alisema hayohayo kwa lugha yake: shati jeupe kwenye jua la Dar, kamera ikilihurumia shati uso unakuwa giza, ikiuhurumia uso shati linakuwa taa. Fundi alikataza na mashati ya mistari myembamba, maana kwenye picha mistari hiyo hucheza kama televisheni ya zamani isiyo na antena.

Kazi yake ilivyotoka? Kwenye gauni, ua la kifuani limekaa katikati sawasawa, na pale zipu inapopita mgongoni maua yameungana kiasi kwamba ukifunga huoni mshono. Nimeshonewa nguo na mafundi wengi, na ni huyu tu aliyenikunjulia kitenge mezani akakizungusha dakika ishirini kabla ya kushika mkasi. Kitenge kina juu na chini. Ukikikata hovyo, nusu ya maua yatasimama na nusu yataning'inia kama popo, na hutajua kwa nini nguo haikutulii mwilini. Kola ya shati ilikaa kama ya dukani. Na vipande vilivyobaki, karibu yadi moja na nusu, alinirudishia vyote bila kuulizwa, vimekunjwa. Wanaojua mafundi wataelewa kwa nini hapa niliketi chini kidogo.

Lawama zipo. Kwapani gauni lilibana, nikashindwa kuinua mkono juu ya kichwa. Bahati alikuwa ameacha akiba ya mshono, akafumua na kulegeza nikiwa nimekaa palepale. Zipu aliweka nyeusi badala ya nili. Haionekani, ila mimi najua. Na siku. Jamani, siku. Aliniambia Jumanne. Jumanne akaniambia kesho. Jumatano umeme ulikatika. Nikamwambia, fundi, cherehani zako ni za miguu. Akanijibu bila kuinua macho, "Ovaloki inataka umeme, mwalimu." Alhamisi alikuwa na msiba Chanika. Ijumaa, saa mbili usiku, nilikaa kwenye benchi lake kama askari wa lindo mpaka kifungo cha mwisho kikakaa. Picha zilikuwa Jumapili. Nampa nyota nne, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya benchi lile, halina mgongo.

Jumapili tulienda Coco, saa kumi na nusu jioni. Ufukwe huo unatazama mashariki, kwa hiyo jioni bahari inakuwa nyuma yenu na jua linawajia usoni likitokea upande wa mji, limeshalainika. Mwezi wa Julai linazama kabla ya saa kumi na mbili na nusu, mna kama saa moja na nusu ya mwanga mzuri na kuchelewa hakufai. Nilichosahau ni kusi. Mtandio wangu ulikuwa wa shifoni, na upepo wa Julai pale ufukweni hauna adabu. Picha kumi za kwanza nina bendera ya haradali usoni. Pini nne, na dada mmoja aliyekuwa anauza mihogo akanionyesha namna ya kuupitisha chini ya kwapa. Ukiwa na mtandio na unaenda baharini, chukua pamba au kitambaa chenye uzito, shifoni iache ya ndani. Mwenzangu naye akaenda kulipa fadhila kwa kula mihogo, na chachandu ikamdondokea kifuani. Nili ikalimeza doa lote. Lingekuwa lile shati jeupe nililolitaka, tungerudi nyumbani.

Kwa sababu ya sharti la Mama, mpiga picha alihangaika: wasishikane, wasiegemeane, lakini waonekane wachumba. Nikamwambia nina kanga. Niliinunua siku ileile ya Kariakoo, mbio mbio, kwa sababu pindo lake lilikuwa nili na mji wake haradali, rangi zetu kabisa. Akafurahi. Mimi nishike ncha moja, mwenzangu ncha ya pili, tuivute, upepo uijaze kama tanga, tutazamane. Picha ilitoka ya ajabu. Kitenge changu, shati lake, ugoro ya suruali ikifanana na mchanga, na kanga katikati ikitufunga bila mtu kumgusa mtu. Mama alipoionyeshwa alisema, "Hii ndiyo."

Nikaituma kwenye kundi la familia saa tatu usiku. Pongezi, maua, mioyo. Saa tatu na dakika kumi na moja shangazi yangu wa Temeke, ambaye macho yake yanahitaji miwani kwa mambo yote isipokuwa haya, akaandika: "Mwanangu, hiyo kanga imeandikwaje?"

Nikaikuza picha. Herufi kubwa, zimenyooka kwa upepo, zinasomeka kutoka kwake kuja kwangu: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Mimi ni Mndengereko. Nimekulia kwenye kanga, nimebebwa kwenye kanga, najua kabisa kwamba kanga haichaguliwi kwa rangi. Bibi yangu alikuwa hamruhusu muuzaji kuikunja kabla ya kumsomea jina. Na bado siku hiyo, kichwa kimejaa nili na haradali, niliilipia bila kulisoma. Kundi lililipuka. Mjomba akauliza nani siye kati yetu wawili. Baba mkwe, ambaye huwa haandiki kitu, aliandika: "Kaunda haina maandishi."

Mpiga picha alisema anaweza kuyafuta maneno kwenye kompyuta. Alijaribu, pakabaki ukungu katikati ya kanga kama mtu kapumulia kioo. Tukarudi Coco Jumapili iliyofuata, akatutoza 40,000 kwa nusu saa, nguo zilezile, mtandio wa pamba safari hii. Kanga mpya alikwenda kuinunua mwenzangu mwenyewe. Alisimama dukani, naambiwa, anasoma majina kwa sauti moja baada ya jingine huku wateja wanacheka, akarudi na "Wema hauozi". Rangi yake ni kijani, hailingani na chochote tulichovaa. Mama akaipitisha.

Fundi hataki jina lake liandikwe, anasema kazi zilizopo zinamtosha na watu wa mtandaoni hawana subira. Ukimpata kwa kuulizia Tabata, mpelekee kitenge kilichokwisha kulowekwa, mwache akizungushe mezani, na akikwambia Jumanne wewe andika Ijumaa. Ile yadi na nusu iliyobaki ameshaanza kunishonea mkoba. Aliniambia itakuwa tayari kesho.